Huyu Pantaleo Ni Nani?

Mimi ndiye ninayeandika taarifa za mtaa. Mwenyekiti ana cheo, ana muhuri na ana kiti cha kuzunguka, lakini maji yakikatika watu hawamtafuti yeye, wananitafuta mimi. "Bi Mgeni, maji yanarudi lini?" Kana kwamba nimeyakalia. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, na kwenye kundi letu la WhatsApp mimi ndiye ninayetangaza gari la taka linapita lini, chanjo ya watoto iko wapi, nani kafiwa, na mbuzi wa nani kaonekana kwenye ngazi za ghorofa ya nani. Naandika kwa herufi kubwa ili wenye macho mabovu wasipate kisingizio. Asiyependa herufi kubwa atoke kwenye kundi. Wapo waliotoka, na walirudi wenyewe maji yalipokatika.

Nyumba yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, aliijenga babu yangu, na chumba cha uani amepanga Scholastika tangu akiwa bibi harusi aliyeletwa kutoka Mbinga. Mumewe alikuwa fundi bati. Alikaa kwenye mdomo wa uchochoro unaopita ubavuni mwa nyumba yangu, akikata mapipa makuukuu na kuyagonga mpaka yakawa majiko ya mkaa. Kugonga bati asubuhi mpaka jioni kulimla masikio. Lilianza kwenda la kulia, kisha la kushoto likabaki na uhai kidogo tu. Watu wa hapa hawana dogo, wakamwita Kiziwi. Baada ya muda jina likamtoka mtu likahamia kwenye ardhi, ndivyo ilivyo Bongo, nusu ya vituo vyetu ni majina ya watu ambao hakuna anayekumbuka walikuwa nani. Uchochoro wote ukawa Kwa Kiziwi. Nishushe Kwa Kiziwi. Mzigo wangu uache Kwa Kiziwi. Tukutane Kwa Kiziwi.

Scholastika alilichukia jina hilo kuliko alivyouchukia mwaka wa mafuriko. Mumewe alibatizwa Pantaleo, na yeye hakutaka kusikia lingine. Akipanda bodaboda Kariakoo anasema, "Nipeleke kwa Pantaleo." Kijana wa watu atamzungusha Gerezani nzima akiuliza kila kijiwe, na hakuna anayemjua Pantaleo, mpaka mwanamke anashuka na mizigo yake anamalizia kwa miguu.

"Mama Ritha," nilikuwa namwambia, "siku moja utalala barabarani pale Kamata kwa kiburi hicho."

"Bora nilale."

Mwaka juzi Pantaleo alifariki, alilala hakuamka. Taarifa ya msiba niliiandika mimi: KIZIWI WETU AMETUTOKA. Ningeandika Pantaleo nani angekuja? Walikuja mpaka uchochoro ukafurika. Misa ilisomwa kanisani, na wengi wetu ni Waislamu, tulibaki nyumbani na mikeka yetu na masufuria yetu, tukiwangoja warudi tuwapakie kwenye gari la Songea, waende kuzika. Msalaba wenye jina lake uko Mbinga, na hapa mjini hatukuuona. Scholastika aliporudi kutoka kuzika hakunilaumu kwa mdomo, lakini kwa muda mrefu salamu yake ilikuwa ya ncha za meno.

Basi mwezi uliopita Mwenyekiti Abdulatif akaja barazani kwangu na habari za vibao. Kila njia ya mtaa wetu sasa itawekewa kibao cha chuma chenye jina, hata vichochoro, ili mgeni na gari la wagonjwa wasipotee.

"Tatizo ni hapa kwako, Bi Mgeni," alisema. "Hatuwezi kuandika Kwa Kiziwi. Maelekezo tuliyopewa ni kwamba jina lisiwe la kumdhihaki mtu kwa maumbile yake, labda familia yenyewe iridhie. Tafuteni jina zuri. Jumapili wananchi wanyooshe mikono, tumalize."

Scholastika alikuwa anafua uani. Alitokea kwenye korido na mapovu mpaka kwenye viwiko.

"Pantaleo," alisema. "Aandikwe Pantaleo."

Abdulatif ni mtu wa kata jirani ya Mchafukoge, amehamia kwetu juzi juzi tu, akauliza Pantaleo ndiye nani. Nikamwambia ni marehemu mume wa huyu mama. Akasema vizuri, akaandika, akanywa kahawa yake akaondoka. Scholastika akabaki amesimama palepale, mapovu yakimkaukia.

"Unajua, Bi Mgeni, Mbinga wana msalaba," alisema. "Hapa alipokaa maisha yake yote hapana kitu. Wanachokumbuka ni masikio yaliyokufa tu. Nataka mtu akipita asome kwamba hapa palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina. Nikipata hilo sitaomba lingine kwa serikali wala kwako."

Nilimwonea huruma. Nikamuuliza taarifa niiandikeje.

"Andika jina lake tu. Lile jina lao usiliguse. Msibani uliliandika nikanyamaza, safari hii sinyamazi."

Nikaandika kama alivyotaka: MKUTANO WA MTAA. JUMAPILI BAADA YA ALASIRI. AJENDA NI KUUPA JINA UCHOCHORO WETU. JINA LILILOPENDEKEZWA: NJIA YA PANTALEO. WOTE MNAKARIBISHWA. Nikaweka simu chaji, nikaingia jikoni.

Nilipoishika tena ilikuwa ya moto kama kaango.

"Pantaleo ndio nani?" aliuliza wa kwanza.

"Mwekezaji huyo. Nasikia anataka kupandisha ghorofa hapo uchochoroni."

"Ndio maana wiki jana walipita watu na futi kamba!"

"Kwa hiyo udongo wa Kiziwi haujakauka washamfuta? Hii nchi bwana."

"Bi Mgeni amepewa chake, msimuulize."

Huyo wa mwisho namjua, na mkojo wa paka wake naujua pia, tutaonana. Kisha akaingia Beno, kiongozi wa bodaboda wa kijiwe chetu, kijana wa Kimwera mwenye mdomo wa kuuza nyumba yenye wapangaji ndani. "Wana, Jumapili tunaenda wote. Mwambieni mke, mwambieni mkwe. Huyo Pantaleo hapiti hapa. Hapa ni Kwa Kiziwi mpaka kiama." Chini yake zikamiminika alama za ngumi na za moto, huyu anakubali, yule anaapa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamfuata Scholastika chumbani kwake na simu mkononi. "Mama Ritha, njoo uone vioja. Watu wanampigania mumeo asinyang'anywe uchochoro na mumeo!"

Alivaa miwani, akasoma. Hakucheka. Aliivua miwani akaishika mapajani.

"Wamenunua kwake," alisema. "Wamekula naye. Wamelia msibani, nimewaona kwa macho yangu. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza huyu mtu anaitwa nani."

Kicheko kikanikauka. Nikashika simu niandike ukweli, niwaambie wajinga ninyi, Pantaleo ndiye Kiziwi. Akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Usiwaambie. Jina la mtu haliombwi kama chumvi. Waje walikatae. Mimi siji."

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu hazihitaji ngazi. Nilimwambia amenitoa jasho bure, nimetukanwa na wamiliki wa paka kwa ajili yake, na sasa anataka jina la mumewe lisimame peke yake mbele ya umati kama mtoto aliyesahauliwa na mzazi shuleni. Alinigeuzia mgongo akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nikatoka nikibamiza mlango, halafu nikakumbuka mlango ni wangu.

Jumapili alirudi misani asubuhi akajifungia. Nje vijana wanafunga turubai, viti vya plastiki vinashushwa, mimi nimeshaswali alasiri na mkutano unataka kuanza. Nikaenda kugonga.

"Kama hutaki kuja kusema, njoo usikilize tu," nilimwambia kupitia tundu la ufunguo. "Mumeo angekuja, na hasikii."

Nikasikia kicheko kimemponyoka puani, kile cha mtu asiyetaka kucheka. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameshavaa.

Sijawahi kuona mkutano wa mtaa umejaa vile. Tukiita mkutano wa usafi wanakuja wazee wanne na kichaa mmoja. Siku hiyo watu walikaa mpaka kwenye vizingiti vya maduka ya vipuri, na bodaboda walikuwa wamepanga pikipiki zao kama walinzi. Nilimkalisha Scholastika pembeni yangu, mbele. Waliomsalimia walimsalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," na wakamwambia usijali mama, leo tunamtetea mzee. Alijibu marahaba na macho yake yakiwa chini.

Abdulatif alifungua, akaeleza habari ya vibao, akasoma jina. Miguno ikaanza kabla hajamaliza. Beno alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, kwa heshima zote. Huyu Pantaleo hatumjui. Hajawahi kunywa chai hapa. Hajawahi kuzika na sisi. Leo anataka kibao, kesho atataka uchochoro, keshokutwa atatuambia pikipiki zitoke. Abiria akiniambia nipeleke Pantaleo mimi nampeleka wapi? Sisi tunamjua Kiziwi!"

Makofi. Nilimgusa Scholastika mkono, ulikuwa wa baridi.

Akasimama Nasreen, anayekaanga samaki sokoni Feri. Yeye si wa mtaa wetu, alisikia kwa bodaboda akaja na khanga yake ya kazini inanuka mafuta. "Mimi sina kura hapa, naomba mdomo tu," alisema. "Nilipoachika nilikuja hapa kuangalia majiko. Kuangalia tu. Yule mzee alinitazama, akachukua jiko kubwa kuliko yote akaniwekea kichwani, akarudi kugonga. Nikamshukuru, hakusikia. Nikapaza sauti, hakusikia. Nimeondoka hapa nalia na jiko kichwani, na yeye ananipungia nyundo. Wanangu wamesoma kwa jiko lile. Sasa mnataka kuniambia panaitwa kwa nani? Kwa Pantaleo? Pantaleo alinipa nini mimi?"

Kabla mtu hajapiga makofi, Scholastika akasimama. Ni mwanamke mfupi, wengi hawakumwona mpaka aliposema.

"Pantaleo ni mume wangu," alisema. "Ndiye huyo huyo aliyekupa jiko. Ndilo jina lake, alibatizwa nalo. Hakuzaliwa kiziwi na hakuzaliwa Kiziwi."

Asiyekujua hakuthamini, wanasema. Lakini hawa walimthamini bila kumjua, na nilipowatazama nyuso zao sikujua niwacheke au niwalilie. Beno alikuwa amevua helmeti, ameikumbatia kifuani.

"Mama," alisema, "Mungu shahidi yangu, hatukujua. Mimi nimekua hapa. Hatukujua."

"Najua hamkujua. Ndicho kinachoniuma."

Nasreen alimfuata akamkumbatia na mafuta yake yote, na mkutano ukavurugika kwa muda. Abdulatif, ambaye alikuwa amepigwa na butwaa, alipata pa kutokea. "Basi wananchi, yameisha. Wanaokubali Njia ya Pantaleo?" Mikono ikanyooshwa yote, wengine mikono miwili, Nasreen asiye na kura naye mkono juu. Moyo wangu ukajaa. Nilijua Scholastika amepata alichokitaka, na nikashika simu tayari kwa taarifa.

Ila Uledi alibaki amesimama. Uledi ni fundi bati pia, alikaa kijiwe kimoja na marehemu miaka mingi, mtu wa maneno machache.

"Mama Ritha, mkono nimenyoosha," alisema, "ila nisiondoke hapa na uongo tumboni. Mwenzangu alilipenda lile jina la Kiziwi."

"Hakulijua," Scholastika alisema haraka. "Nilimficha. Nilikuwa nawafukuza watoto mlangoni wasimwambie. Amekufa hajui anaitwa hivyo."

"Alilijua, mama. Alianza kulitumia mwenyewe. Wenye majiko yake yageuzeni, mtaona alama yake chini."

Mganga hajigangi: chumbani kwa Scholastika hakukuwa na jiko hata moja la mumewe, kila alilotengeneza liliuzwa kabla halijafika nyumbani, na yeye alipikia mafuta ya taa mpaka ilipokuja gesi. Mimi nilikuwa nalo langu. Nilikimbia, kama mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia, nikalitoa chini ya ngazi, nikamwaga majivu, nikarudi nalo nikaligeuza mapajani mwa Scholastika. Nilifuta masizi kwa ncha ya khanga. Chini kabisa, kwa nukta za msumari, palichorwa sikio. Sikio zuri, na tundu lake. Nimepikia jiko lile tangu mwanangu wa mwisho ananyonya na sikuwahi kuliona lile sikio.

"Kila jiko lake linalo," Uledi alisema. "Wateja wakija wanauliza jiko la Kiziwi, anawaonyesha sikio, anacheka peke yake."

Scholastika alikuwa anapitisha kidole kwenye zile nukta, taratibu, mara anaenda mara anarudi.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Alijua unalichukia. Tuliwahi kumuuliza, kwa ishara, jina lako lenyewe nani? Akasema jina lake liko nyumbani kwa mkewe. Hakutaka kutuambia."

Nilitegemea atalia. Hakulia. Alikaa na lile jiko mapajani, masizi yanaingia kwenye gauni lake la kanisani. Kisha akainua uso akamtazama Mwenyekiti.

"Nafuta ombi langu," alisema.

"Mama, limeshapita," Abdulatif alimwambia kwa upole. "Wote wamekubali."

"Naomba nisikilizwe. Masikio yalipokwenda, kumwita ilibidi nimsogelee. La kushoto, karibu kabisa, mpaka mdomo uguse. Pantaleo, chakula. Pantaleo, mwanao kapiga simu. Mjini kote hapa hakuna mwingine aliyemwita hivyo, na mimi nilidhani ni dhuluma. Nilidhani mmemnyima. Mkiliandika ukutani litakuwa la kila mtu. Beno atalipigia kelele kituoni, konda atalisema, walevi watakojoa chini yake. Sitaki. Kiziwi ni wenu, mmemlilia kwa jina hilo na yeye aliwapa kwa mkono wake. Mwandikeni huyo. Pantaleo niachieni mimi."

Abdulatif alijikuna shingo. "Kwa maelekezo yetu, lazima familia iridhie."

"Familia ni mimi. Nimeridhia."

Safari hii mikono ilipanda polepole, na wa kwanza ulikuwa wake, mweusi kwa masizi.

Jioni, watu wakiwa bado wanarudisha viti, niliandika taarifa. Kwa mara ya kwanza sikuweka herufi kubwa, sijui kwa nini, niliona hazifai. Mkutano umemalizika salama. Kwa ridhaa ya familia, uchochoro wetu utaitwa Njia ya Kiziwi. Gari la taka litapita kesho asubuhi.

Haikupita muda akajitokeza mmoja ambaye hakuwepo mkutanoni, alikuwa safarini Morogoro. "Safi sana wananchi! Na huyo Pantaleo sasa kaishia wapi?"

Niliitazama ile sentensi. Watu wote waliokuwa pale uchochoroni walikuwa wameshaisoma, simu ilinionyesha, na ninyi hamwajui watu hawa, hawa hawajawahi kuacha swali lipite bila majibu kumi na matusi mawili. Hakuna aliyeandika. Mwenye paka hakuandika, Uledi hakuandika. Mwishowe akaandika Beno.

"Yuko nyumbani kwake. Mwacheni."

Nilimpelekea Scholastika simu asome. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. Kisha akaegemea bega langu akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku tuliyompakia mumewe kwenye gari, na mimi nikamshika, nikamwacha alie.